Funga kwanza: ufundi wa nyumbani kwa aliyekosa wa kumwelekeza

Ujumbe mwingi ninaopata kutoka kwa wanaotaka kujifunza ufundi wa nyumbani huanza kwa kuomba radhi. Mmoja baba yake alifariki angali mdogo, mwingine kalelewa na bibi, na wapo akina dada ambao baba alikuwepo nyumbani siku zote ila aliyeitwa kushika tochi ni kaka. Sasa ni watu wazima, wamepanga au wamejenga, koki inadondoka usiku kucha, na wanaona haya kumwita fundi kwa jambo wanalodhani kila mtu alifundishwa utotoni.

Kazi yangu ni bomba na umeme wa majumbani, hapa Dar es Salaam, na kwa nyumba nilizoingia naweza kuwatoa wasiwasi: waliofundishwa ni wachache kuliko mnavyodhani. Nao hao wachache, ukiwachunguza, walichorithi si ufundi wa mikono. Kubadilisha washa ya koki, kile kipande cha mpira kinachozuia maji, utajifunza kwenye video ya dakika chache. Yule mtoto aliyeshika tochi alikuwa na mtu mzima nyuma yake anayesema, "Ngoja, umefunga maji?" kabla hajagusa kitu. Video haikwambii ngoja. Inaendelea tu, hata kama wewe uko sebuleni umesimama ndani ya dimbwi. Kwa hiyo anayejifunza peke yake inabidi ajizoeze kujisimamisha mwenyewe, na ndiyo maana huku kwangu somo la kwanza ni kufunga. Kufungua kunakuja baadaye.

Anza na maji, maana maji yakikuadhibu utalowa tu. Kabla hujanunua hata spana moja, zunguka nyumba utafute kila mahali maji yanapofungwa: valvu ya karibu na mita, ya chini ya tangi, na zile ndogo za chini ya sinki na ubavuni mwa choo. Funga moja moja, kisha nenda kafungue koki uone kama maji yamekata kweli. Katika nyumba za kupanga hasa, geti valvu ya tangi, ile ya kuzungusha, hukaa wazi miaka na miaka mpaka ikaganda, na siku bomba linapopasuka ndiyo siku watu wanagundua kuwa haizunguki. Ukiikuta ngumu usiilazimishe kwa spana kubwa. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa subira. Ikikataa kabisa, mwambie mwenye nyumba ibadilishwe sasa hivi wakati hakuna dharura, kuliko usiku wa manane kila mtu akiwa na ndoo mkononi.

Ukishajua pa kufunga, koki inayodondoka ni kazi nzuri ya kuanzia. Itazame kwanza inavyofunga. Inayohitaji kuzungushwa mara kadhaa ina washa ya mpira ndani. Inayofunga kwa robo mzunguko ina katriji ya kauri, na hiyo hubadilishwa nzima. Funga valvu, fungua koki imalize maji yaliyobaki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skurubu isizame humo, ndipo uanze kuitenganisha koki vipande. Kile kipande kilichochakaa kiende na wewe dukani. Maelezo ya mdomo kwa muuza vifaa, hasa pale Kariakoo saa za asubuhi foleni ikiwa imejaa mafundi, hayatakufikisha mbali. Na ukiweka washa mpya ikaanza kudondosha tena baada ya muda mfupi, pitisha kidole kwenye kiti cha chuma inapokalia: kikiwa na mikwaruzo au vishimo, washa yoyote utakayoweka itaishia hivyo hivyo, na hapo dawa ni koki mpya.

Kuna jambo moja la vipimo linalowachanganya sana waliojifunza peke yao, na sijaona wengi wakilieleza. Mtu anachukua koki ya nusu inchi, anaweka rula kwenye uzi wake, ile michirizi ya kukazia, anapata karibu milimita 21. Nusu inchi ni milimita 12.7. Anarudi dukani akidhani kauziwa siyo. Hajauziwa siyo. Vipimo vya uzi wa bomba tunavyotumia ni vya Kiingereza, na majina yake yalifuata upana wa tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani, ilhali uzi huchongwa kwa nje. Ndiyo maana robo tatu nayo ina milimita 26 na ushei badala ya 19. Aliyekulia gereji ya mjomba wake hata hakumbuki alilijua lini jambo hili. Anaomba "nusu" na anapewa nusu. Wewe beba kifaa chenyewe, acha rula.

Tepu nyeupe ya kuzungushia uzi nayo ina upande wake. Elekeza mdomo wa uzi usoni kwako, kisha izungushe kufuata mshale wa saa. Ukikosea upande, itajikunjua unapokaza, na maji yatapenya hata ukiweka tepu ya kujaza mkono.

Na msukumo wa maji: ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Kinachoongeza ni kimo. Kila mita moja ya kwenda juu inakupa takriban sehemu moja ya kumi ya bar (kipimo cha msukumo), basi tangi lililokaa mita tatu juu ya bomba la mvua linakupa 0.3 hivi, liwe la lita 500 au 5,000. Nimekuta watu wamenunua tangi kubwa zaidi ili waoge vizuri. Pesa hiyo ingejenga mnara mrefu kidogo.

Sasa umeme, na hapa naomba tuende polepole.

Umeme wetu ni wa volti 230. Kosa la kawaida la anayejifunza peke yake ni kudhani kuwa umeme uliokatika ni umeme uliozimwa. LUKU (umeme wa kulipia kabla) imeisha, giza limeingia, mtu anasema afadhali nitumie nafasi hii nirekebishe ile holda ya taa. Anapanda kiti. Chumba cha pili mdogo wake amenunua umeme kwa simu na anaingiza zile namba 20. Au mgao umeisha mapema kuliko ilivyotangazwa. Umeme wa kufanyia kazi ni ule uliouzima wewe kwenye swichi kuu, kwa mkono wako, ukawaambia wote waliomo ndani, na ikiwezekana ukabandika karatasi juu yake.

Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi. Swichi inatakiwa kukata waya wa moto, ule unaoleta umeme, lakini zipo nyumba ambazo aliyesuka waya alipitisha swichi kwenye nyutro, ule wa kuurudisha. Taa inazimika kama kawaida, holda inabaki na moto. Kwa macho huwezi kujua.

Ndiyo maana tunapima, na kupima kuna utaratibu wake: kwanza jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme, uone kinafanya kazi, kisha pima pale unapotaka kushika, kisha rudi tena pale penye umeme uhakikishe kipimo hakijafa katikati. Hatua hii ya tatu wengi wanairuka. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo ni ya bei rahisi na kila mtu anayo, lakini mwanga wake hauonekani vizuri juani, na ukiwa umesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme inaweza isiwake ilhali waya una moto. Pesa ya kwanza ya maana katika umeme itumie kununua maltimita, kipimo kinachokuonyesha volti kwa namba.

Rangi za waya usiziamini bila kupima. Katika waya laini za vifaa utakuta kahawia ndiyo moto, bluu nyutro, kijani chenye mstari wa njano ndiyo athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ndani ya kuta za nyumba nyingi za zamani, moto ni nyekundu na nyutro ni nyeusi, kwa sababu tulifuata Waingereza, nao rangi hizo waliziacha rasmi mwaka 2006 tu. Nyumba yenye fezi tatu, yaani inayoletewa waya tatu za moto, inavuruga zaidi: kwa mpangilio wa zamani bluu ni mojawapo ya waya za moto, kwa mpya bluu ni nyutro na nyeusi imegeuka kuwa ya moto.

Halafu ndiyo zinakuja video. Nyingi mnazoangalia zimetengenezwa Marekani, na kule ndani ya ukuta nyeusi ndiyo ya moto na nyeupe ndiyo nyutro, tena soketi zao ni za volti 120. Mtazamaji wa Mbagala akifuata kwa uaminifu alichoonyeshwa kuhusu waya mweusi, anaweza kujifunza kinyume cha kilichomo ukutani kwake. Kwa useremala na rangi angalia video za popote. Kwa umeme tafuta za nchi zinazotumia plagi kama yetu, ile ya pini tatu za mstatili.

Plagi hiyo yenyewe ndiyo zoezi zuri la kwanza la umeme, kwa sababu unaishika mkononi ikiwa haijachomekwa popote. Ifungue, tazama waya zilivyokaa, zitoe, zirudishe, hakikisha kile kibanio kinabana ganda la nje la waya na hakibani nyuzi za ndani. Kisha tazama fyuzi. Madukani karibu kila plagi inakuja na ya ampia 13, na watu huiacha hivyo hivyo hata kwenye taa ya mezani. Gawanya wati za kifaa kwa 230. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 8.7, kwa hiyo 13 ni sawa. Pasi ya wati 1,000 inavuta 4.3, inatosha 5. Taa na feni, 3. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na waya mwembamba wenye fyuzi ya 13 unaweza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika.

Mbao nitazipitia haraka. Mlango ukianza kukwaruza sakafu usikimbilie randa. Kagua kwanza bawaba ya juu. Mara nyingi skurubu zimelegea na mlango umeinama. Toa skurubu, jaza tundu kwa gundi na vijiti vya kiberiti, kaza upya. Na kama mlango umebana wakati wa masika, mbao zimevimba kwa unyevu. Ukiziranda sasa, kiangazi utaona mwanga wa nje.

Mahali pa kukosea pasipo na madhara napo panahitajika. Nenda kwa wanaonunua chuma chakavu, chukua koki mbovu, vitasa vilivyokufa, geti valvu iliyoganda. Bei yake ni ndogo. Kaa navyo barazani uvifungue vyote mpaka kipande cha mwisho, uvirudishe. Mtu aliyefungua kitasa kibovu mezani hatatetemeka mlango wa chooni ukigoma mtoto akiwa ndani.

La mwisho, na watu huliona gumu kuliko umeme: jifunze kwa fundi unayemlipa. Ukimwita fundi usiende sebuleni. Mwambie mapema, kabla hajafungua begi: "Shikamoo fundi. Kazi ni yako na hela yako iko palepale, ila naomba nisimame hapa nikushikie tochi nione." Kama ni kijana mwenzio, habari ya asubuhi inatosha, lakini hiyo ya hela iko palepale usiisahau, kwa sababu hofu yake ni kwamba ukishajua utaanza kupunguza bei. Usimuulize maswali akiwa amekaza kitu. Subiri anapofuta mikono, halafu uliza moja tu: umejuaje kwamba tatizo liko hapo? Jinsi alivyokaza umeiona kwa macho. Alivyoamua aanzie wapi na aache wapi, hilo huwezi kuliona mpaka aseme. Mafundi wengi wakiulizwa hivyo hufunguka, hasa wazee, maana saidia fundi wao wa siku hizi wako kwenye simu. Wapo pia watakaokunja uso. Hao walipe, waage, wakati mwingine ita mwingine.

Vifaa vya kuanzia: bisibisi mbili nzuri, plaizi, spana ya kurekebishika, tepu ya kupimia, maltimita, nyundo. Nunua kimoja kimoja kazi inapokilazimu. Yale masanduku ya plastiki yenye vipande lukuki yanayouzwa barabarani, bisibisi zake hulika ncha kwenye skurubu ya kwanza ngumu, na ncha iliyolika huharibu kichwa cha skurubu.

Kuna mipaka. Mita ya umeme na lakiri zake ni mali ya TANESCO, shirika la umeme, hakuna anayejifunzia hapo. Kusuka nyumba umeme ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na wewe mwenye maltimita ya mwezi huu si huyo. Soketi inayonuka kuungua au iliyobadilika rangi: zima swichi kuu, ita mtu. Waliokwisha kufika mbali kwa kujifundisha, wanaofanyia majirani kazi na kulipwa, wakaulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Huo ni mpango wa kumpima na kumpa cheti mtu ambaye ufundi wake hakuupata darasani. Atakayekupima atakupa kazi uifanye mbele yake, na atatazama kama ulizima kabla ya kugusa.