Uchoraji wa nje: mchanga katika picha ya Monet

Uchoraji wa nje ni kuipaka picha rangi palepale kitu kilipo, jua likiwaka na upepo ukivuma. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya walitoka na penseli kuchora michoro ya haraka, kisha picha yenyewe wakaimalizia chumbani. Rangi za mafuta zilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, na kusafiri nazo kulikuwa taabu. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alisajili uvumbuzi wa tyubu ya bati yenye kifuniko, na rangi ikaanza kubebeka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchoraji Mfaransa Claude Monet huko Trouville, pwani ya Normandy nchini Ufaransa, mwaka 1870. Trouville ilikuwa kijiji cha wavuvi. Reli ilipofika mwaka 1863, watu wenye nafasi wakamiminika kutoka Paris kupunga upepo, kuonana na kuonyeshana mavazi. Mchoraji Eugène Boudin, mtoto wa baharia na ndiye aliyemfundisha Monet kuchora nje, alikwisha kuzoeleka kwa picha za mabibi hao wakiwa ufukweni na magauni yao mapana.

Monet alifika na mkewe Camille, waliyeoana Juni ya mwaka huohuo. Katika picha moja ndogo, yapata sentimita 38 kwa 46, Camille amekaa na gauni jeupe na mwavuli wa jua. Kando yake yupo mwanamke wa mavazi meusi, na katikati yao kiti kitupu. Picha hiyo iko katika jumba la sanaa la National Gallery, London, na ndani ya rangi yake zimenasa chembe za mchanga. Upepo ulizipeperusha, rangi mbichi ikazishika. Nadhani hakuna maelezo ya uchoraji wa nje yanayoshinda chembe hizo.

Kasi nayo inaonekana. Mwanga haumsubiri mtu, kwa hiyo uso wa Camille umepakwa kwa mapigo machache ya brashi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Wajerumani, vilikwisha kutangazwa mwezi Julai, na kabla ya mwaka kwisha Monet alikimbilia London. Katika ufukwe aliouchora, hata hivyo, hakuna askari hata mmoja.

Kiangazi hichohicho, hukohuko Trouville, aliichora hoteli ya kifahari ya Roches Noires. Upande wa kushoto bendera kubwa inapepea: mistari myekundu michache iliyopakwa upesi, na katikati yake kitambaa cha picha kimeachwa bila rangi. Ukiitazama, unausikia upepo.