Gari Kuzima Likipata Joto: Mvuke Kwenye Njia ya Petroli

Petroli ikichemka kabla haijafika kwenye kabureta, chombo kinachoichanganya na hewa, inageuka mvuke ndani ya bomba au ndani ya pampu. Mvuke huo unaziba njia, injini inakosa mafuta, gari linazima. Tangi linaweza kuwa limejaa na pampu iwe nzima kabisa.

Wenye Peugeot 504, Datsun 1200 na Corolla DX wanaotoka Kisumu kwenda Nakuru wanaijua hali hii. Gari linapita Ahero na Awasi bila shida. Likianza kupanda kuelekea Kericho linasitasita, linavuta kidogo, linakosa nguvu tena, halafu linazima. Boneti inafunguliwa, kila mpita njia anatoa shauri lake, na baada ya nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na lolote.

Pampu ya magari haya imefungwa ubavuni mwa injini na inaendeshwa na kemshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kwa kuwa tangi liko nyuma, pampu inavuta petroli urefu wa gari karibu lote, na petroli inayovutwa huwa na shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje. Kioevu kikipungukiwa shinikizo huchemka kwa joto la chini zaidi, na sehemu nyepesi za petroli hazihitaji joto kubwa: nyuzi 40 hivi zinatosha kuzianzisha. Sasa ongeza mlima. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na barabara ya kupitia Kericho na Mau Summit inapanda juu kuliko miji yote miwili. Shinikizo la hewa linapungua wakati uleule injini inahangaika kwa gia ya pili. Mvuke ukishaingia, kiwambo kinafanya kazi bure, kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo: ukisukuma hewa inabanana, ukivuta inatanuka, na hakuna kinachotoka.

Kinachoniuma ni wenye magari kuuziwa pampu mpya wakati ugonjwa uko kwenye koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi. Koili iliyochoka ina tabia hiyohiyo. Ikipata joto, waya wake wa ndani unaachana na cheche zinapotea. Ikipoa, unagusana tena na gari linawaka. Ndiyo maana gari lipimwe hapohapo lilipozima, likiwa bado na joto. Likishapoa, ushahidi umeondoka.

Anza na mafuta. Hakikisha hakuna anayepiga stata, toa kifuniko cha kichujio cha hewa, chungulia koo la kabureta, kisha vuta kwa mkono kile chuma cha akselereta. Petroli ikiruka kama uzi mwembamba, kabureta lina mafuta. Koo likiwa kavu, mafuta hayafiki. Rudisha kifuniko, kisha pima cheche: chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, laza chuma chake kwenye injini mbali na palipomwagika petroli, na mtu apige stata. Ishike kwa koleo yenye mpira, kwa maana koili inapandisha volti 12 za betri hadi maelfu mengi. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo, angalia koili, pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili) na kondensa (kifaa kinacholinda pointi hizo) kabla ya kugusa pampu.

Koo likiwa kavu na cheche ikiwa nzuri, fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, kitundu cha kupumulia kimeziba, na hilo ni tatizo la kusafishwa tu. Kama si hilo, weka kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba lake. Gari likiwaka upesi baada ya hapo, ni mvuke. Bomba lisogezwe mbali na egzosi, mipira iliyopasuka ibadilishwe, na kile kipande kinene kinachotenga pampu na injini kirudishwe, kwani mafundi wengi hukitupa wakifunga pampu mpya. Chomoa pia kijiti cha oili unuse: ikinuka petroli, kiwambo kimetoboka, na hapo pampu kweli inabadilishwa, pamoja na oili yenyewe.

Magari ya injekta, yaani yanayopuliza petroli kwa shinikizo badala ya kutumia kabureta, husumbuliwa na mvuke mara chache, kwa sababu pampu yao mara nyingi iko ndani ya tangi na inasukuma badala ya kuvuta, kwa shinikizo linalokaribia mara kumi ya lile la kabureta. Hayo yakizima, tafuta fyuzi na relei (swichi ya umeme ya pampu) kwanza. Katika mengi utaisikia pampu ikivuma kidogo ukiwasha swichi, ingawa kwenye baadhi ya Toyota za zamani haivumi mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake usikufanye ushushe tangi.