Kwa Nini Darubini za Lenzi Ziliishia Mita Moja

Utazame Mwezi kwa darubini ya lenzi ya bei nafuu: ukingoni utaona utepe mwembamba wa zambarau. Mwezi wenyewe hauna rangi hiyo. Nuru ikipita ndani ya lenzi hupinda, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake, buluu zaidi kuliko nyekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja.

Isaac Newton aliikwepa kasoro hiyo kwa kutumia kioo, na hapa nakusudia kioo cha kujitazamia. Nuru haipiti ndani ya kioo. Hugonga uso wake na kurudi, rangi zote kwa pembe ileile. Darubini yake ya mwaka 1668 ilikuwa na kioo cha shaba na bati, kipana kidogo kuliko sentimita 3.

Baadaye mafundi waliweza kuipunguza kasoro ya rangi kwa kuunganisha lenzi mbili za aina tofauti, na lenzi zikazidi kukua. Mwaka 1897 kituo cha kutazama nyota cha Yerkes huko Wisconsin, Marekani, kilifungua darubini yenye lenzi ya sentimita 102. Hadi leo hakuna darubini ya lenzi kubwa kuliko hiyo iliyofanya kazi ya kudumu ya utafiti wa nyota.

Kilichokwamisha ni uzito. Lenzi lazima ipitishe nuru, kwa hiyo huwezi kuishika popote ila pembeni. Ikiwa pana na nene, katikati hulegea kwa uzito wake yenyewe, na umbo likibadilika hata kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, picha huharibika. Kioo kinaweza kuegemezwa mgongo mzima, na fundi anasugua uso mmoja tu.

Aliyelielewa hilo mapema ni George Ellery Hale, mwanzilishi wa Yerkes mwenyewe. Namheshimu sana kwa hilo, maana hakung'ang'ania fahari yake. Alihamia Mount Wilson, California, akajenga darubini ya kioo cha mita 1.5 mwaka 1908, kisha ya mita 2.5 mwaka 1917. Kwa darubini hiyo ya pili, mwaka 1923, mwanaastronomia Edwin Hubble aliona ndani ya Andromeda, doa hafifu la nuru angani, nyota ambayo umbali wake ulithibitisha kwamba Andromeda ni galaksi (kundi kubwa mno la nyota) nyingine kabisa, nje ya yetu.

Leo kioo hakihitaji hata kuwa kipande kimoja. Darubini ya SALT (Darubini Kubwa ya Kusini mwa Afrika) huko Sutherland, Afrika Kusini, ina vipande 91, kila kimoja kina upana wa mita moja hivi: karibu lenzi nzima ya Yerkes, mara 91.

Shule inayotaka kununua darubini, kwa fedha ileile itapata kioo kipana kuliko lenzi, na upana ndio unaoonyesha nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi hafifu. Lakini mkiwa pwani, kumbukeni kwamba chumvi ya hewani hula utando wa alumini unaokifanya kioo kirudishe nuru. Lenzi ndogo iliyofungwa vizuri hudumu, na Mwezi na pete za Zohali huonekana kwa ukali wa kupendeza. Kwa aina yoyote, mtoto asiielekeze kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya darubini. Jicho hupofuka papo hapo.