Mstari wa G hauonyeshi ovari iko wapi

Wiki hii mwanafunzi wa tatu wa tuisheni hapa Nyakato ameniletea fomula ya ua la nyanya, yaani muhtasari wa sehemu za ua kwa herufi na tarakimu. Kwenye G(2), ambayo ni sehemu ya kike yenye ovari (ile inayokuja kuwa tunda), mstari kauweka juu ya tarakimu. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, si ovari yake iko juu?" Nikaweka chaki mezani.

Nasema kwa mara ya mwisho. Mstari ule unaonyesha sepali (vijani vya nje), petali (vijani vya rangi) na stameni (sehemu za kiume) zimeshikia wapi. Ukiwa chini ya tarakimu, zimeshikia chini ya ovari, kwa hiyo ovari ni ya juu. Ukiwa juu ya tarakimu, zimeshikia juu yake, ovari ni ya chini. Wanaokariri "mstari juu, ovari juu" wanakosa kila ua, maana wamegeuza yote mawili.

Huniamini? Nenda gengeni ununue nyanya yenye kikonyo na pera moja. Kwenye nyanya, kile kinyota cha kijani ndizo sepali, na tunda limeota juu yake. Kwenye pera, sepali zilizokauka ziko upande wa pili kabisa, mbali na kikonyo. Boga halina hata ubishi: ua jike huwa na kiboga chini ya petali kabla halijachanua. Kwangu hakuna kushika kalamu kabla hujapasua ua kwa wembe. Wapo wanaoona huo ni ushamba, na ndio hao hao wanaorudi kuuliza.

Mengine ni ya haraka. Herufi A ni ya stameni, na pamba yetu ya Kanda ya Ziwa ni A(∞): stameni nyingi zilizoungana kuwa mrija. Alama ile ni "nyingi" tu, na mabano ni kuungana, si "hiari".

Alama ya kujumlisha nayo haijumlishwi! Haragwe ni A(9)+1, tisa zimeungana na moja iko peke yake. Ukiandika A10 umelifuta haragwe lenyewe. Gugumaji, lile linaloziba mialo yetu, ni A3+3, mizunguko miwili ya tatu tatu. Tena linapewa %, ambayo hapa si asilimia, badala ya duara lenye msalaba, alama ya ua linalogawanyika sawa kwa mikato mingi, kwa sababu tepali (sepali na petali zinapofanana huitwa hivyo) ya juu pekee ndiyo yenye doa la njano: mkato mmoja tu, unaopita katikati ya doa hilo, ndio unaotoa nusu mbili zinazolingana.