Rubi yenye nyota: ni nini, na kwa nini iliyo nzuri ni adimu

Ukizungumzia madini Mwanza, watu hufikiria dhahabu ya Geita au almasi ya Mwadui. Rubi huku ni mgeni. Mara nyingi huingia mfukoni mwa broka aliyetoka mikoa mingine. Na broka akitoa ile yenye nyota, miale sita myeupe inayohama kila jiwe linapogeuzwa, wapo wanaoapa kwamba imechorwa.

Haikuchorwa. Rubi ni korandamu, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, na wekundu wake huletwa na kromiamu kidogo tu. Ndani ya baadhi ya mawe hayo mna pia titani. Jiwe linapopoa polepole ardhini, titani hiyo hujitenga na kuwa sindano nyembamba mno za rutili (titani iliyoungana na oksijeni), ambazo hujipanga kwa kufuata fuwele yenyewe: mielekeo mitatu inayokatana kwa pembe ya nyuzi 60. Kila kundi la sindano likipigwa na mwanga hutoa mstari unaong'aa kukatisha sindano hizo, kama unavyouona kwenye uzi wa hariri uliozungushiwa kigurudumu cha cherehani. Mielekeo mitatu hutoa mistari mitatu, na hiyo ikikutana juu ya jiwe tunapata ncha sita.

Mkataji naye ana kazi yake. Jiwe la namna hii halikatwi pande pande; husuguliwa mgongo ukawa mviringo, na kitako lazima kilale sambamba na sindano. Akikosea, nyota huegemea ukingoni.

Sasa uadimu. Nyota peke yake si adimu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. India hutoa mawe mengi yenye nyota inayoonekana vizuri, lakini mwili wake ni wa zambarau iliyokolea au kahawia, na mwanga haupiti. Bei yake ni ndogo, na ni haki yake. Shida ni kwamba sindano zilezile zinazoleta nyota ndizo zinazolifanya jiwe kuwa na ukungu. Zikiwa chache, hakuna nyota. Zikizidi, wekundu hufifia. Jiwe linalosifiwa, kama yale bora ya Mogok, Myanmar, lina sindano za kutosha kutoa mistari mikali iliyonyooka hadi ukingoni, huku bado ukiona wekundu halisi na mwanga ukipenya. Ardhi haifanyi hivyo mara nyingi.

Halafu kuna moto. Rubi nyingi sokoni zimechomwa kwenye tanuri, kwa kuwa joto kali, la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi, huyeyusha sindano na kuliacha jiwe likiwa safi zaidi. Nyota huondoka nazo. Mimi huona hiyo ni hasara, ingawa mfanyabiashara atakuambia faida iko kwenye jiwe angavu.

Mawe makubwa yenye nyota yanayojulikana yana majina yao. Rosser Reeves, lenye karati (kipimo cha uzito wa vito) 138.7 na asili ya Sri Lanka, liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. DeLong la Burma (Myanmar ya leo), karati 100.32, liliibwa New York mwaka 1964 na kurudishwa mwaka uliofuata baada ya kulipwa fidia ya dola 25,000.

Ukionyeshwa jiwe hapa mjini, usilihukumu chini ya taa ndefu za dukani. Mwanga unaotoka kila upande huififisha nyota. Hata wingu zito juu ya ziwa linatosha kuiua. Omba mtoke nje juani, au tumia tochi moja ya simu ukiishika juu ya jiwe. Lizungushe taratibu: nyota ifuate mwanga bila kukatika wala kukosa mguu mmoja.

Nyota kamilifu mno nayo itiliwe shaka. Tangu mwaka 1947 kampuni ya Linde ya Marekani iliuza rubi za kutengenezwa zenye nyota. Katika mawe ya aina hiyo mistari huwa myembamba na sawa kabisa, inakaa juu juu, na kitako mara nyingi kimesawazishwa vizuri. Nyota ya asili huonekana kama inaelea ndani, mistari yake ina kasoro ndogo, na kitako huachwa bila kusawazishwa ili uzito usipotee. Kitako hicho kitazame kwa jicho la mnunuzi: kikiwa kinene kupita kiasi, unalipia karati ambazo hazisaidii nyota wala rangi, na sonara atalazimika kuzikata kabla jiwe halijakaa kwenye pete.