Mwongozaji na mpiga picha mkuu: kila mmoja na ngazi yake

Kila msimu wa usaili huwa nawauliza vijana wanaokuja kuomba nafasi ya kusomea filamu: unataka kuongoza au kupiga picha? Wengi hujibu, "Vyote, mwalimu." Siwalaumu, maana ndivyo walivyoanza. Mtu ana kamera moja na kompyuta ya kuazima. Harusi ya Jumamosi anashuti mwenyewe na kuhariri mwenyewe; video ya msanii wa mtaani anaiandika, anaiongoza na kushika kamera. Soko letu la Afrika Mashariki humlea mtu hivyo. Tatizo huanza anapotaka kupanda. Kwenye filamu ndefu au tamthilia ya televisheni hizo ni kazi mbili, na asiyejua anapanda ngazi ipi huweza kumaliza miaka kumi akiwa fundi wa kila kitu na bingwa wa hakuna.

Mwongozaji anabeba hadithi na waigizaji. Mwigizaji akilia mapema mno, au akitamka maneno ambayo mwenyewe hayaamini, hilo ni la mwongozaji. Mpiga picha mkuu, ambaye kwenye seti wengi humwita DOP, anabeba kila kinachoonekana: mwanga unatoka wapi, lenzi ipi, kamera itulie au itembee. Kwenye kazi kubwa mara nyingi hata hashiki kamera. Ana mshika kamera, ana wasaidizi, ana mkuu wa taa na watu wake.

Ngazi ya mpiga picha hupandwa kidato kwa kidato, na nasema wazi kwamba naipenda kwa sababu hiyo. Unaanza kwa kubeba masanduku, kuchaji betri na kunakili kadi za kamera bila kupoteza hata faili moja. Unakuja kuwa msaidizi wa pili wa kamera, unayepiga klapa, kile kibao cha kutambulisha shoti, na kuandika kumbukumbu za kila shoti. Kisha msaidizi wa kwanza wa kamera, mtu wa fokasi, yaani anayehakikisha picha inabaki kali. Hapo vijana wengi hutambua kuwa kazi hii si mchezo. Lenzi imefunguliwa wazi, mwigizaji anamsogelea mwenzake polepole, na sehemu ya picha iliyo kali ni sentimita chache tu. Msaidizi huyo amekwisha kupima umbali kwa futikamba kabla ya mazoezi, amebandika vipande vya solotepu sakafuni, na mkono wake unazungusha fokasi kwa kufuata hatua za mwigizaji. Akikosea, machozi ya mwigizaji yameenda bure na shoti inarudiwa. Ukitoka hapo ndipo unakuwa mshika kamera, na baadaye mkuu. Wengine hupitia upande wa taa, na hao mara nyingi wana jicho kali kuliko sisi tuliopitia kwenye kamera.

Hiyo ndiyo sababu wanafunzi wetu wapya hatuwapi kamera mwanzoni. Tunaweka kiti karibu na dirisha, mmoja anaketi, wengine wanatazama uso wake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne. Wanaona kivuli cha pua kikihama, wanaona ubao mweupe ukishikwa upande wa pili unavyorudisha mwanga shavuni. Kisha aliyeketi anavaa kanzu nyeupe. Sasa tunaleta kamera na kuiacha ijipime mwanga yenyewe: inadanganywa na weupe wa kanzu, inapunguza mwanga, na uso mweusi unapotea gizani. Kila aliyewahi kuona picha za harusi ambamo gauni linang'aa na bibi harusi haonekani ameliona kosa hilo. Mpiga picha wa kwetu anayejua kupima mwanga kwa ngozi, asiupime kwa nguo, tayari amewapita wengi.

Kuna na jambo la umeme. Wa kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Ukishuti picha 25 kwa sekunde na kuweka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde, kila picha inapata kiasi kilekile cha mwanga. Ukiiacha kwenye 1/60 kwa sababu kamera ilikuja hivyo dukani, video inaweza kuja na mistari ukutani.

Njia ya mwongozaji haina vidato vilivyopangwa, na wazazi wanaoniuliza "atasoma nini hasa?" huchoka na jibu langu. Tosh Gitonga wa Kenya alikuwa mwongozaji msaidizi kwenye filamu za wengine kabla ya kuongoza Nairobi Half Life, iliyotoka 2012. Judy Kibinge alitokea kwenye matangazo ya biashara. Wanuri Kahiu alisomea filamu chuo kikuu Marekani. Filamu yake fupi, Pumzi, ilitoka 2009, na mwaka 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwenye tamasha la Cannes. Amil Shivji wa Tanzania alianza na filamu fupi, Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, akaenda T-Junction mwaka 2017, ndipo 2021 akaleta Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, iliyofika tamasha la Toronto. Ukiitazama miaka hiyo utaona kwamba kabla ya filamu kubwa kuna fupi, na baina ya moja na nyingine kuna miaka ya kutafuta fedha na kuandika upya.

Uongozaji msaidizi ni shule nzuri, lakini nitoe tahadhari. Mwongozaji msaidizi wa kwanza ndiye anayeendesha seti: ratiba, muda, utulivu, usalama wa watu. Ukiimudu sana kazi hiyo, maprodyuza watakuita kila mara uifanye, na watakulipa vizuri. Kama moyo wako uko kwenye kuongoza, andika skripti yako usiku wakati bado unaitwa.

Televisheni ina tabia yake. Kwenye tamthilia ndefu waongozaji hupokezana vipindi, kwa hiyo unatakiwa uingie kwenye nyumba iliyojengwa na mwingine bila kuibomoa: mhusika aongee kama alivyoongea wiki iliyopita. Kwenye studio na matangazo ya moja kwa moja, mwongozaji anakaa mbele ya skrini nyingi na kuita kamera kwa namba. Faida yake ni kwamba kazi haikatiki, na mkono unazoea kuamua haraka.

Mahali pa kujifunzia papo. Nairobi kuna taasisi ya mawasiliano ya umma ya KIMC, iliyoanza 1961, na tangu 2018 chuo cha MultiChoice Talent Factory kimepokea vijana kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo. Kampala, mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab, warsha za mafunzo ya filamu, mwaka 2004. Kwa mwenye filamu fupi mkononi, tamasha la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza 1998, limekuwa mlango wa wengi.

Kuhusu malipo, karibu wote hulipwa kwa siku au kwa mradi. Makubaliano yaandikwe kabla ya siku ya kwanza ya kushuti: siku ngapi, saa ngapi, nani analipa usafiri, jina lako litaandikwaje mwishoni mwa filamu. Jina hilo ndilo litakaloitwa kwenye kazi inayofuata. Na kabla ya kuingia barabarani na kamera, hakikisheni prodyuza ana kibali. Tanzania huombwa Bodi ya Filamu.

Ukija kwenye usaili wetu, usilete filamu ya saa moja. Anayetaka kuongoza alete dakika tatu za watu wawili wakizungumza mezani. Anayetaka kupiga picha alete picha kumi za mnato za uso mmoja, mahali pamoja, saa tofauti. Tutaziweka mezani na kukuuliza dirisha lilikuwa upande gani.