Paa la turubai la gari: kinacholichosha na namna ya kulitunza

Mtu anayeleta gari lenye paa la kukunja karakanani huuliza karibu kila mara swali moja: kitambaa hiki kitadumu miaka mingapi? Kazi yangu ni kushona na kubadilisha mapaa ya aina hii, na jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia, kwa sababu kitambaa chenyewe ndicho kinachochelewa kuchoka. Mapaa mengi niliyoyavua yalikuwa na kitambaa ambacho katikati yake bado kilikuwa na nguvu. Kilichokuwa kimekwisha ni uzi wa mishono, au dirisha la nyuma, au ukanda mwembamba uliosuguliwa na chuma mahali pale pale kila paa lilipokunjwa. Anayetaka paa lake lifike miaka kumi na kuipita anapaswa kuzijua sehemu hizo kabla ya kununua chupa yoyote ya dawa ya kusafishia.

Mapaa laini yamegawanyika katika aina kuu mbili. Ya kwanza ni vinili, yaani kitambaa cha msingi kilichofunikwa kwa plastiki ya PVC. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu, na ulaini wake hutokana na kemikali za kulainisha zinazochanganywa ndani yake kiwandani. Joto na jua huzitoa kemikali hizo polepole, na kadiri zinavyopungua vinili husinyaa, hukakamaa, kisha hupasuka kwenye mikunjo. Aina ya pili ina tabaka tatu: juu ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, katikati ni mpira, na chini ni kitambaa chepesi cha pamba au poliesta ambacho abiria hukiona kikiwa hakijafichwa na bitana. Wazo la kuweka mpira katikati ya vitambaa viwili ni la zamani sana. Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza yake mwaka 1823, akalitumia kutengenezea nguo za mvua. Vitambaa vya mapaa vinavyouzwa leo kwa majina kama Stayfast na Sonnenland vinafuata wazo hilo hilo.

Akriliki ya mapaa ina sifa moja inayoeleza kwa nini haipauki haraka. Rangi haipakwi juu ya uzi uliokwisha kutengenezwa. Huchanganywa na plastiki ingali kimiminika, kabla ya uzi kuvutwa, hivyo imeenea hadi ndani kabisa ya kila unyuzi. Kwa sababu hiyo paa jeusi linaloonekana la kijivu mara nyingi halijapauka hata kidogo. Limejaa vumbi, masizi na mabaki ya sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri, na likioshwa ipasavyo weusi wake hurudi. Ninasikitika kila ninapoona mtu amepaka rangi ya kopo juu ya kitambaa cha namna hiyo, kwa kuwa rangi hukifanya kigumu, huziba ufumaji wake, na haiondoki tena.

Jambo jingine linalochanganya wengi ni matone. Paa jipya likimwagiwa maji, maji hujikusanya kuwa matone na kuteleza. Baada ya muda huacha kufanya hivyo, kitambaa kinalowa, na mwenye gari anadhani paa limeanza kuvuja. Kinachozuia maji yasipite ni ule mpira wa katikati, nao unaweza kuwa mzima kabisa wakati uso wa juu umelowa chepechepe. Dawa ya kuzuia maji iliyoko juu ya akriliki ina kazi nyingine: kukizuia kitambaa kisinywe maji. Kitambaa kinachokunywa maji hukaa na unyevu kwa muda mrefu, vumbi ndani yake hugeuka kuwa tope, na juu ya tope hilo huota ukungu. Ukungu hauli akriliki, bali hula uchafu uliomo ndani yake. Lakini ukishaingia katika kitambaa cha ndani, hasa cha pamba, harufu na madoa yake huwa vigumu mno kuondoa.

Sasa nije kwenye mishono, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote. Uzi unaotumika kwenye mapaa mengi ni wa poliesta. Uko juu ya kitambaa, wazi kabisa mbele ya jua, na miale ya urujuanimno huukata kidogo kidogo kwa miaka, hadi siku moja mshono unaachia kwa urefu wa kiganja bila onyo. Ukaguzi wake ni rahisi: pitisha ukucha juu ya mshono ulioko nyuma, juu ya dirisha, kisha ule wa pembeni juu ya milango. Uzi mzima hukataa. Uzi uliokufa hutoa unga au hukatika bila sauti. Ukiuona katika hali hiyo wakati vipande viwili vya kitambaa bado vimeshikana, fundi anaweza kuushona upya akipitisha sindano katika matundu yale yale ya zamani. Ninasisitiza matundu yale yale, kwa kuwa kila tundu jipya linatoboa mpira wa katikati, na mshono wenye safu mbili za matundu utapitisha maji hata ukishonwa kwa mkono mzuri namna gani. Anayeagiza paa jipya naye aulize litashonwa kwa uzi gani. Upo uzi wa PTFE, plastiki inayojulikana pia kama Tefloni, ambao jua haliudhuru. Bei yake ni kubwa na huteleza kwenye mashine hata kumsumbua mshonaji, lakini ningeuchagua kwa gari lolote linalolala nje.

Baada ya uzi ni fremu, yaani vyuma vinavyolibeba paa. Pembeni mwa mapaa mengi, ndani ya pindo la kitambaa, hupita nyaya nyembamba za chuma, na katikati kuna kamba za mpira wa kuvutika. Kazi yake ni kukivuta kitambaa kwa ndani paa linapokunjwa, kisije kikaingia katikati ya viungo vya chuma. Kamba hizo huchoka mapema kuliko kitambaa. Zikilegea, kitambaa huning'inia, hubanwa, na baada ya muda hutokea tundu juu ya kila dirisha la pembeni, kulia na kushoto, kwa ulinganifu ambao fundi akiuona tu anajua chanzo. Kamba hiyo ni kitu kidogo na cha bei ndogo ukiilinganisha na paa zima. Njia ya kuichunguza ni kulisimamisha paa nusu ya safari yake, kama mfumo wake unaruhusu, na kutazama kitambaa kinaelekea wapi: kikiinama kwa nje kuelekea viungo, kamba zimekwisha.

Paa lisikunjwe likiwa limelowa. Wakati mwingine hakuna budi, na kulikunja mara moja kisha kulifungua baada ya saa moja hakuliui. Lakini likilala limekunjwa na maji ndani yake, ukungu huanza, mikunjo hujichora, na kitambaa kikikauka katika hali hiyo husinyaa kiasi kwamba siku ya kulifunga tena ndoano za mbele hazifiki mahali pake bila kusukumwa kwa nguvu. Ndiyo maana gari linalowekwa kwa miezi bila kutumika huachwa paa lake likiwa limefungwa na kunyooka, na kama litafunikwa, lifunikwe kwa kifuniko kinachopitisha hewa, paa likiwa kavu.

Dirisha la nyuma ni habari yake yenyewe. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikuwa na dirisha la plastiki lenye zipu, na mwenye gari alitakiwa kuifungua zipu hiyo na kulilaza dirisha kabla ya kukunja paa, ili plastiki isivunjike. Kizazi cha pili cha gari hilo, kilichokuja mwaka 1998, kilipewa dirisha la kioo. Porsche Boxster ya kwanza nayo ilikuwa na plastiki hadi ilipobadilishiwa kioo kwa magari ya mwaka 2003, na wenye magari ya kabla ya hapo wengi wamezoea kulisimamisha paa njiani na kulisukuma dirisha kwa kiganja ili likunjike sawasawa. Ninaiunga mkono desturi hiyo. Plastiki ya dirisha hukakamaa kwenye baridi, na chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi mkunjo mmoja unaweza kuipasua. Basi siku ya baridi paa libaki limefungwa, au dirisha lipashwe kwanza na joto la ndani ya gari. Lisafishwe kwa maji mengi na kitambaa laini cha pamba kilicholowa, kamwe lisipanguswe vumbi likiwa kavu, na dawa za vioo zenye amonia zisiliguse, kwa sababu huliharakisha kuwa la njano na kupoteza uwazi wake kabisa.

Kioo hakina matatizo hayo, ila kina lake: mara nyingi kimegandishwa kwenye kitambaa kwa gundi. Gundi ikianza kuachia kwenye kona moja, uzito wa kioo na mvutano wa paa huendeleza kazi hiyo kila siku. Gundi za kawaida za dukani hazishiki hapo kwa muda mrefu, kwa sababu sehemu hiyo hupata joto, mvua na mvutano kwa pamoja. Gandisho linalodumu hufanywa na fundi, paa likiwa limelegezwa na nyuso zote mbili zimesafishwa, na huachwa likauke kabla ya kuvutwa tena.

Kuosha kwenyewe hakuhitaji ufundi mkubwa. Fyonza vumbi kwanza kwa mashine au kwa brashi laini, lowesha paa lote ili madoa ya mipaka yasibaki, kisha tumia sabuni isiyo kali iliyotengenezewa mapaa, ukisugua polepole kwa kufuata mwelekeo wa ufumaji. Suuza hadi maji yatoke bila povu; sabuni inayobaki huvuta vumbi na kuharibu dawa ya kuzuia maji. Kinyesi cha ndege kiloweshwe na kuondolewa mapema bila kukikwangua. Utomvu wa miti uachwe ugande, usaidiwe na barafu, kisha uvunjwe. Mashine za kuoshea zenye brashi zinazozunguka hubeba mchanga wa magari yaliyotangulia na kukisugulia kitambaa chako, na bomba la shinikizo likisogezwa karibu hufumua nyuzi na kulazimisha maji kupita kwenye mishono. Mimi huviepuka vyote viwili.

Dawa ya kuzuia maji hurudishwa pale tu matone yanapoacha kujikusanya baada ya paa kuoshwa vizuri. Paa liwe kavu hadi ndani, rangi ya gari na vioo vifunikwe, na mvua isilipate hadi dawa ishike. Dawa ya akriliki haifai kwa vinili: vinili huhitaji kimiminika chenye kinga ya jua na kilichotengenezwa kwa maji, si mafuta yanayoing'arisha kwa siku mbili huku yakivuta kemikali za ulaini kutoka ndani yake.

Kuhusu kuvuja, ningependa kila mwenye gari la namna hii ajue kwamba maji yaliyoko sakafuni mara nyingi hayakupita kwenye kitambaa. Chini ya pindo la nyuma la paa kuna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye mirija inayoshuka ndani ya bodi. Katika MX-5 mirija hiyo hupita nyuma ya viti, na majani yakiiziba maji hujaa, humwagikia ndani, au hukaa kwenye vizingiti vya milango hadi chuma kinaoza. Izibue kwa kijiti laini cha plastiki na maji ya taratibu. Waya wa chuma na hewa ya shinikizo huchomoa mirija mahali ilipounganishwa, na tatizo hilo ni baya kuliko la kwanza. Ukitafuta mahali hasa panapovuja, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji bila nguvu akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa wakati mmoja. Akianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua chochote. Mipira ya milango na ya kioo cha mbele ipakwe kilainishi cha silikoni, kwa kuwa grisi ya petroli huivimbisha.

Uamuzi wa kubadilisha paa zima huja mpira wa katikati unapokwisha. Kaa ndani mchana, funga kila kitu, tazama juu kwenye mikunjo mahali ambapo hakuna bitana. Nukta za mwanga zikionekana kwa wingi, hakuna dawa itakayozirudisha. Tundu moja la bahati mbaya, kwa upande mwingine, huzibwa kwa kiraka kutoka ndani, na paa huendelea na maisha yake. Ukibadilisha paa, badilisha pia kamba za kuvutika, nyaya za pembeni, na mfereji wa nyuma kama umepasuka, kwa kuwa kazi ya kuvifikia tayari imelipiwa. Paa jipya litakuwa limekaza sana, na kulifunga mara za kwanza kutahitaji watu wawili. Liache limefungwa kwa wiki chache, kwenye jua likiwezekana, ili kitambaa kijinyooshe na kuikubali fremu kabla ya mkunjo wake wa kwanza.